Nimemuumiza Luli kwa usafi wangu

Jamani, leo nilitamani ardhi ipasuke.

Niko Nizwa, huku Uarabuni, kazi za ndani. Binti wa bosi ana mbwa mdogo, Luli, manyoya tele mpaka masikioni. Ananipenda, kutwa kunilamba. Na mimi naswali, mate ya mbwa ni najisi. Basi nikawa namuogesha kila siku kabla ya Adhuhuri, namwagia maji mpaka kichwani.

Wiki hii akaanza kutikisa kichwa, sikio linanuka.

Mimi nikazidisha sabuni!

Leo tumempeleka kwa daktari wa mifugo. Kufunua sikio: jekundu, usaha. Luli alilia kama mtoto.

"Nani anamuogesha?"

Binti akajibu kwa fahari: "Dada yetu huyu. Kila siku!"

Daktari akaniangalia. Akasema maji yanabaki ndani, manyoya yanayaziba, sikio halikauki. Ndiyo yaliyoliozesha.



Mnaofuga, mbona hamkuniambia?

Sasa niko jikoni. Luli amekuja kulaza kichwa mapajani mwangu, upande ule ule unaouma. Ananilamba mkono.

Nimemuacha. Nguo ya kuswalia ninayo nyingine.