Nilivyokalia Mikono Yangu Homa Bay

Wewe unayenisikiliza, kama hujawahi kucheza voliboli usiogope. Nitakueleza kidogo tu, na hicho kidogo kitakutosha. Timu inaruhusiwa kuugusa mpira mara tatu kabla ya kuurudisha ng'ambo ya wavu. Wa kwanza anaupokea, wa tatu anaupiga. Yule wa pili ndiye seta. Watazamaji wengi hawamwoni, kwa sababu wanamshangilia anayepiga, lakini seta ndiye anayeamua nani apige, kutoka wapi, na mpira uwe mrefu au mfupi. Anaamua huku mpira ukiwa hewani. Sasa, seta akiwa bado mchanga, nani aamue? Yeye, au kocha aliyeketi kando?

Mimi nilikuwa kocha huyo, na kwa muda mrefu nilikuwa na jibu baya.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha Jiografia katika shule ya kutwa ya wasichana nje kidogo ya mji wa Migori. Seta wangu alikuwa kidato cha pili, Mkuria, mwenye vidole virefu na sauti ya chini. Wenzake wengi walikuwa Wajaluo. Baba yake alilima tumbaku, na Jumamosi, siku ambayo sisi tulicheza mechi, kwao ilikuwa siku ya kutunga majani kwenye vijiti na kuyaingiza bandani yakauke. Nilienda kumwomba amruhusu binti. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, akicheza, aende," akasema. "Lakini kama anaenda kukalia benchi, benchi hata hapa nyumbani lipo."

Basi nafasi yake katika timu ilishikiliwa na neno hilo. Nikimtoa, Jumamosi zake zinarudi kwenye tumbaku. Nami, kwa kuogopa kwamba atakosea na nitalazimika kumtoa, nikaanza kumwamulia kila mpira. Niliona huo ni wema.

Ujanja wetu ulikuwa hivi. Tulikuwa na mapigo matano, kila moja na nambari yake. Nikipaza sauti na kutaja nambari kwa Kiswahili, kila mtu anasikia. Kwa Kijaluo, ndiyo kabisa, maana shule nyingi tulizocheza nazo zilikuwa za Wajaluo. Kwa hiyo yule binti alinifundisha kuhesabu mpaka tano kwa Kikuria. Akanicheka sana, mimi niliyetoka Kakamega, nikivunja maneno ya kwao kama mtu anayevunja kuni. Wenzake pia wakajifunza. Tangu hapo nikawa nakaa kwenye benchi naita nambari za Kikuria na kuonyesha kwa mikono, na tukawa tunashinda.

Mtu mmoja tu hakupenda. Alikuwa mpishi wa shule, mama wa makamo aliyewahi kuchezea timu ya kiwanda cha sukari kabla magoti hayajamkatalia. Tulikuwa tukibishana jikoni, mimi na kikombe changu cha chai, yeye na mwiko wake.

"Mwalimu, huyo mtoto anacheza au anasikiliza redio?"

"Anajifunza, Mama. Hana uzoefu."

"Atautoa wapi, na wewe umeushika wote?"

"Akikosea nitamtoa. Nikimtoa, baba yake atamchukua."

"Kwa hiyo unamwokoa." Akageuza ugali. "Mimi nilipofundishwa kusonga, mama yangu aliniachia sufuria. Tulikula madonge wiki mbili. Hakuna aliyekufa, nyathina, mwanangu."

Nikamalizia chai yangu. Nilikuwa nashinda, na mtu anayeshinda ni vigumu kumfundisha.

Ndipo tukafika fainali ya kugombea nafasi ya kwenda mkoani, kule Homa Bay. Mpishi tulienda naye, kwa sababu ya chakula cha mchana. Wakati wa kupasha misuli joto, seta wangu alinijia.

"Madam, kuna kitu nataka kukwambia."

"Utaniambia baadaye. Rudi, pasha vidole."

Akasimama kidogo, akarudi. Naukumbuka mgongo wake alivyokuwa anaondoka.

Seti ya kwanza ilikuwa aibu. Kila nilipoita nambari, mchezaji wao wa katikati, msichana mrefu aliyefunga kitambaa cheupe kichwani, alikuwa tayari amefika mahali mpira wetu unapokwenda, mikono juu ya wavu kama mlango uliofungwa. Naita pigo la kushoto, yuko kushoto. Naita fupi la katikati, anatusubiri. Mashabiki wao wakapata wimbo wa siku: "Yawa! Seta wenu anatupigia simu kabla ya kuja!" Tukafungwa kumi na tano kwa sita.

Nilikuwa nimeshamwita msichana wa kidato cha nne avue jaketi aingie. Seta wangu aliliona jaketi likivuliwa. Akanijia mbio, na safari hii hakuomba ruhusa.

"Madam, yule wa kitambaa ni Mkuria. Baba yake ni askari, walihamishiwa hapa. Tulisalimiana asubuhi." Akageuka kutazama ng'ambo ya wavu. "Hanisikii mimi. Anakusikia wewe."

Katika kujificha kwetu kote, sikuwahi kufikiri kwamba Mkuria anaweza kuwa ng'ambo ya wavu. Na lile alilotaka kuniambia asubuhi lilikuwa hilo.

Mpishi alikuwa amesimama nyuma ya benchi, ndoo ya maji mkononi. "Mwalimu," akasema polepole, "kaa. Hiyo mikono ikalie."

Nikamwambia wa kidato cha nne arudishe jaketi. Nikamwambia seta, "Amua wewe. Kila mpira." Kisha nikaweka viganja chini ya mapaja, nikavikalia kwelikweli, maana nilijijua.

Alianza vibaya. Nakwambia ukweli ili usije ukadhani mambo haya yanakwenda kama hadithi. Alificha mkono mgongoni, akawaonyesha wenzake vidole, kisha mpira ukaenda kwa mpigaji wetu mfupi kuliko wote. Ukazuiwa. Akampa tena. Ukazuiwa tena. Mara ya tatu nikauma mdomo.

"Mama, anamaliza timu!"

"Madonge hayo," mpishi akasema. "Meza."

Mara ya nne, yule wa kitambaa alikimbilia kwa mpigaji mfupi kabla mpira haujaguswa. Seta wangu akautupa nyuma ya kichwa chake, bila kuangalia, upande wa pili kabisa, ambako nahodha wetu alikuwa peke yake. Hakukuwa na mkono hata mmoja juu ya wavu. Ndipo nilipoelewa kwamba zile tatu za mwanzo alikuwa anamfundisha mpinzani wake uongo. Mimi nisingeweza kuita pigo hilo. Kutoka kwenye benchi halionekani.

Seti hiyo tukaichukua. Ya tatu, iliyokuwa ya uamuzi, tukaipoteza kumi na tano kwa kumi na tatu, na mkoani wakaenda wao. Wasichana walilia. Seta wangu alikuwa upande ule mwingine wa wavu, anaongea Kikuria na yule wa kitambaa, na wote wawili wanacheka.

Jumatatu jioni nilienda kwao mwenyewe. Baba yake alikuwa bandani. Nikamwambia tulishindwa, na kosa lilikuwa langu.

"Alicheza?" akauliza.

"Seti zote tatu. Na mbili za mwisho aliziamua yeye."

Akafikiri, kijiti cha majani mkononi. "Basi. Jumamosi majani yatangoja jioni."

Kwa hiyo, wewe uliye na seta mchanga, kwenye mechi yako ijayo chagua seti moja nzima. Kabla haijaanza muulize ameona nini, umsikilize mpaka mwisho. Kisha keti, weka viganja chini ya mapaja, na usivitoe mpaka refa apulize kipenga cha mwisho wa seti.