Usingizi wa Piritoni

Pale Mpui hakuna aliyeijua mashine ya kusaga kumshinda Avelina. Kwa miaka kumi na mmoja aliiendesha ya Mzee Muhidin, mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini, na kwa mlio wake tu alitambua kwamba chekeche limetoboka au mkanda umelegea. Wanawake walitoka vijiji vya mbali na ulezi wao kichwani, wakamsubiri yeye.

Mwaka juzi, wiki moja baada ya Pasaka, mwili ulianza kumwasha. Mabaka yalivimba mapajani, yakahamia tumboni, jioni yakatoweka bila kuacha alama, asubuhi yakaibuka mgongoni. Alijikuna kama aliyepita kwenye upupu. Siku nyingine midomo ilimvimba, Jumapili ikapita bila kwenda kanisani. Akaacha mayai, akaacha dagaa, akaacha karanga. Mabaka hayakumwacha. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu alimkosea, naye amemroga.

Zahanati walimpa piritoni. Akishameza, muwasho ulipoa kweli, lakini mdomo ulikauka, kichwa kikawa kizito, na miguu kama si yake. Asipomeza, hana raha kwa kujikuna. Akimeza, hajiwezi kwa usingizi. Mumewe, Nestory, alimkuta amesinzia na tonge mkononi, akalitoa taratibu.

Siku ya ajali foleni ilikuwa ndefu. Avelina alikuwa amemeza vidonge viwili alfajiri. Aliinama kusukuma mahindi, macho yakajifumba kidogo tu, mkanda ukanasa ncha ya kanga yake na kuuvuta mkono. Fortunata, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akapiga kelele na kukimbilia swichi. Mkono ulipona, ila vidole viwili havikukunjika tena.

Mzee Muhidin alikuja mwenyewe kumwona.

"Mama Faith, pole sana," alisema, macho yake chini. "Siwezi kukurudisha pale. Ningekuzika, ningemwambia nini Nestory?"

"Nimekuelewa, mzee," alijibu, kisha akageukia ukutani.

Alipokwenda mjini kuonyesha kidonda, daktari kijana aitwaye Edith aliyaona mabaka shingoni, akampima damu, kisha akamketisha.

"Mama, mwili wako unamwaga kitu kinaitwa histamini, kama vile umeumwa na nyuki, wakati nyuki hayupo. Hicho ndicho kinachovimbisha na kuwasha. Dawa inakizuia kisifanye kazi kwenye ngozi, basi. Haizuii mwili kukimwaga. Na piritoni inaingia mpaka kwenye ubongo, ndiyo maana unalala. Nitakupa setirizini, hiyo inalewesha kidogo tu. Meza kila siku, hata ukijiona mzima."

"Chanzo chake nini?"

"Mara nyingi hatukipati. Vipimo vyako havionyeshi kitu."

"Itaisha lini?"

"Wengine mwaka mmoja. Wengine mitano, au zaidi."

"Kwa hiyo hakuna aliyeniroga?"

"Hakuna, mama."

Edith alidhani amemtua mzigo. Avelina alitoka nje akakaa kwenye ngazi, akalia mpaka watu wakapita wakimtazama. Angekuwa amerogwa, angalau kungekuwa na mtu wa kumpigia magoti amwachie.

Setirizini ilisaidia nusu. Edith alimpandishia hadi vidonge vinne kwa siku. Kuna wiki mbili nzima ngozi ilitulia, Avelina akathubutu kucheka na binti yake, Faith. Mvua za kwanza ziliponyesha, akaacha kumeza bila kumwambia mtu, apate kujua kama imeisha. Siku ya tatu, wakipanda mahindi, macho yalivimba yakaziba kabisa. Nestory alimshika mkono, akamwongoza kwenye matuta hadi nyumbani.

"Basi umepona, mama?" Faith aliuliza jioni, uvimbe ulipoanza kushuka.

"Hapana," alisema. "Niletee maji, nimeze."