Beseni la Isidori

Wanaume wa Nambis huoneana wivu kwa ng'ombe, kwa mashamba, na wengine kwa wake. Isidori aliona wivu kwa sababu ya beseni.

Lilikuwa la plastiki, la bluu, lenye ufa ukingoni. Kwa miaka mingi, kila aliporudi kutoka kwenye vitunguu saumu vyake miguu ikiwa baridi kama mawe, mkewe Verediana alimwekea maji ya moto humo, akamkanda miguu huku wakiwasengenya majirani. Isidori hakuwahi kumshukuru. Nani anashukuru kwa kilicho chake?

Kisha Verediana akastaafu uuguzi. Watu walidhani atapumzika. Badala yake akatoa magunia kwenye chumba cha mazao, akafungua kliniki ya bure. Dawa zilitoka kwa wafadhili kupitia parokia, daktari alikuja mara moja kwa mwezi kutoka Haydom, na wagonjwa wakamiminika, hata wa Balangdalalu. Beseni nalo likahamia huko.

Sasa ndani yake ulikaa mguu wa Tadei. Huyu alikuwa mzee wa Dongobesh aliyefiwa na mke, mwenye kisukari na kidonda kisichopona. Kila Ijumaa Verediana alipiga magoti, akamsafisha taratibu, akamuuliza, "Umelala vizuri? Umekula?" Isidori alisikia yote kutoka dirishani, mkononi ana ugali uliopoa.

"Mke wako ana mikono ya baraka," Tadei alimwambia siku moja.

"Najua. Nilimwoa kabla hujaugua."

Wivu ulimtafuna kweli. Usiku hakulala, aliamka kunywa maji, akatoka kukojoa, akarudi akanywa tena, akijiambia kwamba ni hasira inamkausha koo. Suruali zikaanza kumvuka. Kikulacho ki nguoni mwako, alinung'unika, na alimaanisha mkewe.

Ijumaa moja akavaa koti la kanisani, akawahi benchi la wagonjwa kabla ya Tadei.

"Shikamoo mzee," mama mmoja akamsalimia. "Na wewe unaumwa?"

"Marahaba. Miguu."

Alidanganya. Miguu haikumuuma hata kidogo. Alichotaka ni beseni lake, na Tadei aone.

Zamu yake ilipofika, Verediana alimtazama, kisha akalitazama benchi lililojaa.

"Baba Evaline, watu hawa wametoka mbali."

"Hakuna aliyetoka mbali kuliko mimi," akasema.

Verediana alitaka kucheka, akashindwa. Akamimina maji, akayapima kwa kiwiko, akapiga magoti. Isidori akafumba macho. Joto hakulisikia kama zamani, lakini hakujali. Mikono ilikuwa ileile, na Tadei alikuwa mlangoni na mkongojo wake. Moyo wa Isidori ulijaa furaha ya kitoto.

Mikono ikasimama.

"Mwiba huu umeingia lini?"

"Mwiba gani?"

Verediana akaunyanyua mguu. Kwenye unyayo ulikuwa umezama mwiba wa mgunga, nyama iliyouzunguka imekuwa nyeusi na inatoa usaha. Akabonyeza pembeni yake. "Hapa panauma?"

"Wapi?"

Verediana akachukua kipimo cha sukari, akamtoboa kidole, akasoma namba, akaisoma tena. Kisha akaketi sakafuni na nguo zake safi za kazi. Ugonjwa huu alikuwa akiutambua kwa watu asiowajua hata majina.

"Nimeosha miguu ya kila mtu," akasema, na machozi yakamtoka.

Tadei aliutazama ule mguu, akautambua; ndivyo wake ulivyoanza. Akageuka, akawaambia wa kwenye benchi, "Leo tungoje. Mama ana mgonjwa wake."

Mvuke ulikuwa bado unapanda kutoka kwenye beseni. Isidori akauinamia uso wa mkewe, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Maji yamepoa?"