Maji ya Wageni

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Newala yalijaa sabuni za kila rangi, na Stamili akizitazama alikuwa akicheka: sabuni zote hizi, mtu aogee maji gani? Tangu aolewe huko Mnyambe alishuka bondeni kila alfajiri, akapanda na ndoo kichwani jua limeshakuwa kali. Utosi ulimnyonyoka nywele, na wala hakuona haya.

Kisha wafadhili wakajenga bomba moja, na kijiji kikamkabidhi Stamili ufunguo kwa kuwa hamwogopi mtu. Sasa habari zikaja kwamba wanakuja kukagua vyoo na bomba. Wakiridhika, bomba la pili litajengwa kitongoji cha juu, kwa bintiye Hamida, mwenye mimba ya miezi minane.

Stamili akafanya kama alivyolelewa: mgeni akitarajiwa, maji yake hayaguswi. Akalifunga bomba siku tatu ili tangi lake lijae pomoni. Wanawake wakarudi bondeni bila kunung'unika, maana ni heshima ya kijiji.

Wageni wakaja, wakasifu vyoo. Walipofika bombani, mkuu wao, Bwana Walter, alikuta udongo mkavu na hakuna ndoo hata moja. Mara wanawake wakatokeza kutoka bondeni na ndoo zao vichwani.

"Kumbe hawalitumii," akasema, akiandika kwenye daftari. "La pili la nini?"

Stamili akaona aibu. Kumtajia mgeni ulichojinyima kwa ajili yake ni kumsimanga. Basi akanyamaza, mpaka alipomwona Hamida nyuma ya wenzake, mkono kiunoni, akipumua kwa shida. Moyo ukamuuma Stamili. Ni yeye mwenyewe aliyemrudisha mwanawe bondeni.

"Baba, futa hayo! Maji tumewawekea ninyi. Siku tatu hatujagusa humo hata tone."

Walter akashangaa. "Sisi? Mama, sisi tuna maji yetu garini."

Stamili alifungua kufuli, akajaza kile kikombe kipya kilichonunuliwa kwa ajili ya mgeni mkuu, akampa Hamida mbele ya watu wote. Hamida alisita, akamtazama mgeni.

"Kunywa, Hamida mwanangu."

Walter akaichana ile karatasi ya daftari. "Mama Hamida," akasema taratibu, "nionyeshe bomba la pili likae wapi."

"Ngoja kwanza," Stamili akamwambia. "Mtoto anakunywa."