Bei Njoo Inbox

Kama kuna maneno yaliyomchosha Farida maishani, ni haya: "Bei njoo inbox." Alianza kuyachukia dukani kwa shangazi yake Mwamvita, mjini Bukoba, alipokuwa akipiga picha za vitenge na kuzirusha Instagram. Shangazi alimwamuru ayaandike chini ya kila picha. Wateja wakaja huko inbox kweli, wasijibiwe, kwa sababu shangazi alikuwa anapika, au ameishiwa bando.

"Shangazi, si tuandike bei tu?"

"Wenzangu waione?"

Farida akaandika kwa siri. Vitenge vikaisha kabla ya Idi, na shangazi bado akanuna.

Habari zikamfikia Najibu, mwenye kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa huko Kanazi, akamwajiri awe meneja wa masoko ya mtandaoni. Cheo kipya, ugomvi uleule. Najibu alitaka tangazo liwe picha yake mwenyewe, kavaa suti, kashika kikombe. Walibishana miaka, mpaka suti ikatoka na bei ikaingia. Oda zilipoanza kuja hata kutoka Dodoma, Farida akawa mtu wa kualikwa. Semina yoyote ya wajasiriamali, aitwe Farida azungumze.

Muleba ndiko uvumilivu ulikomwishia. Mgeni rasmi alichelewa, kisha akahutubia mpaka akaula muda wa Farida. "Dada, fupisha," mshereheshaji akamnong'oneza. Akafupisha: andikeni bei, pokeeni simu. Makofi yakapigwa. Wakati wa chai akafungua simu yake, akakuta tangazo la mmoja wa washiriki, limetoka muda huohuo: Asali safi ya Ngenge. Bei njoo inbox.

Aliacha kikombe, akarudi mbele, akaipiga namba ya tangazo. Simu ikalia kwenye pochi ya mama aliyeketi safu ya kwanza. Mama akaitoa, akaitazama, akairudisha.

"Mama, mbona hupokei?"

"Namba siijui, waitu, mwanangu."

"Mteja mpya utamjuaje bila kupokea?"

"Si angejitambulisha kwanza?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Farida hakucheka. Alimfuata, akaketi kando yake, akaomba aione hiyo simu. Mama huyo, Anatolia, alikuwa na rundo la ujumbe usiofunguliwa, watu wakiulizia asali na kukata tamaa. Wakaanza kuwajibu, Anatolia akisema, Farida akichapa, wakigombana kila walipofika kwenye bei. Semina ilipofungwa, asali yote ilikuwa imepata wenyewe.

Farida akamwalika Bukoba atoe ushuhuda kwenye semina iliyofuata. Anatolia alikuja kapendeza, akashika kipaza sauti kama mchungaji, akamshukuru Mungu, mume wake, kwaya ya usharika na nyuki. Simu hakuigusia kabisa. Farida alimpungia kutoka nyuma ya ukumbi, akaonyesha sikio, akaonyesha simu. Anatolia naye akampungia kwa furaha, akaendelea na kwaya.

"Nimeongea vizuri, mwanangu?" akauliza aliposhuka.

"Vizuri sana, mama," Farida akasema, meno yamebanana.

Farida alikuwa anakunja nyaya zake ndipo mzee Mushumbusi, mwenye duka la mbegu, akamsogelea.

"Binti, wewe si mtu wa mitandao?"

"Ndiyo, mzee wangu. Una biashara unataka kuitangaza?"

"Hapana. Kioo cha simu yangu kimepasuka."