Neno Alilotuachia Nesi Nora

Siku yangu ya kwanza kwenye ofisi ya tafsiri za Kiarabu, mtaani Ruwi, Mkuu wa Ofisi alinipa kalamu nyekundu kabla hata hajanionesha kiti. "Neno usilolijua lizungushie duara, kisha kamuulize mwenye lugha yake. Muhuri wetu ni kiapo, bibi." Mie nna ulimi tangu utotoni, nkamjibu kuwa maneno nnayajua. Akacheka tu.

Baadaye nkahamishiwa tawi la Khuwair ya Kusini, kitengo cha wasia, talaka na vyeti. Naibu Mkurugenzi wa huko alikuwa mtu wa pupa.

Ndiko ilikoletwa barua ya marehemu Nora, nesi wa Kiayalandi aliyezalisha nusu ya mji wa Qurayyat na kustaafu huko huko. Barua ya Kiingereza, ila neno moja la kwao, *caoin*, ndilo alilomuomba shoga yake Salma amfanyie kaburini. Nlikuwa nimekwenda kusali adhuhuri. Naibu akachungulia kamusi, akaandika kwa Kiarabu "anipigie mayowe", akagonga muhuri.

Kesho yake Salma akaja, macho mekundu. "Mwanangu kanizuia. Anasema mayowe juu ya maiti ni haramu. Dada, Nora hawezi kuniomba haramu, na kesho anazikwa."

Hasira zilinipanda, wallahi. Nkalizungushia duara lile neno, nkampigia simu mwalimu mmoja wa Kiayalandi. Akanieleza: ni kitenzi cha kale, zamani *caínid*, kumlilia maiti. Kilio kimo, mwalimu hakukificha. Lakini wanawake wa kwao walikaa na maiti wakimtaja nasaba yake na wema wake, wakimsemesha kama yu hai.

Naibu akasema, "Tafsiri ikishapigwa muhuri haiguswi."

"Basi chukua na muhuri wangu," nkamwambia, nkauweka mezani. Akautazama, akanirudishia.

Nkaandika upya: "anililie kwa kunitaja kwa mema", na chini yake tanbihi, yaani maelezo ya mfasiri. Mwanawe Salma aliisoma mara mbili, akampeleka mamake makaburini kwa gari yake.

Sasa nimestaafu, na nyinyi vijana mna mashine zinazojibu kabla hamjauliza. Haya. Lakini mie nlikuwapo pale. Salma alisimama akamsemesha Nora kwa Kiunguja, akimtajia mzazi mmoja mmoja aliyemzalisha, mpaka akafika kwa mtoto aliyetoka miguu mbele, kimya, naye Nora akampulizia pumzi mpaka akalia. Wazungu waliokuja kumzika hawakufahamu hata neno, na hakuna aliyeondoka. Mwanawe Salma alikuwa kasimama nyuma ya mamake. Mpaka siku ile hakuwa akijua kuwa mtoto huyo ni yeye.