Blanketi Lililorudishwa Dukani

Harufu ya blanketi jipya hunitia hasira mpaka leo.

Mama alikuwa amejifungua, na baridi ya usiku ilimkohoza kichanga. Baba, aliyekuwa amerudi kutoka machimbo ya shaba ng'ambo ya mpaka, akanichukua twende Tunduma kununua blanketi. Pesa zake zote alikuwa amezibadili kuwa senti zenye tundu, akazitunga kwenye uzi na kuzivaa kiunoni, chini ya shati. Pale dukani alizichomoa moja moja huku jasho likimtoka.

Nikabebeshwa blanketi kichwani. Lilikuwa zito na la joto, nami nilitembea kwa furaha. Lakini njiani baba alisimama, akajipapasa kiunoni, akatembea kidogo, akajipapasa tena.

"Uzi umelegea," akasema, kisha akageuka kurudi tulikotoka.

Mwenye duka alicheka sana. "Mzee wa shaba, hii ni mara ya tatu! Blanketi hili sasa linaijua njia kuliko wewe."

"Nipe senti zangu, ndugu yangu," baba alisema, kama mtu anayeomba maji. Alipozipata, akaanza kuzitunga tena kwenye uzi palepale, moja moja. Hapo nikatambua kwamba hakuwa akibana matumizi. Hakuweza kabisa kuziacha.

Nyumbani alimwambia mama, "Tumekuta duka limefungwa."

Mama akanivuta karibu na moto, akainamisha pua kichwani kwangu.

"Baba," akauliza polepole, "mbona kichwa cha huyu kinanuka blanketi jipya?"

Kichanga akakohoa. Mkono wa baba ulikuwa umeshaingia chini ya shati.